Aliyebeba Mkate wa Liyongo

Mtoto akisimuliwa habari za Fumo Liyongo, kinachobaki kichwani mwake ni kimo cha yule bwana, mishale yake, na ile sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Halafu kile kifo chake: kapiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Si mchezo. Hata sisi tuliokwisha kuota ndevu tunasisimka.

Lakini katikati ya kisa hicho yuko mtu ambaye wasimulizi wengi humpita mbio. Liyongo alipofungwa Pate, mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada. Walinzi wakawa wanakila chakula kile kizuri, mfungwa anabaki na makombo. Ndipo Liyongo alipotuma salamu kwa fumbo: aokewe mkate wa wishwa, na ndani yake mtiwe tupa. Saada akaubeba. Walinzi walipouona ni makapi matupu wakacheka, wakamwachia mwenyewe. Usiku ule likapigwa gungu kwa kishindo, na chini ya kelele za ngoma Liyongo akakereza minyororo yake mpaka ikakatika.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa katika utenzi alioundika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na ndivyo walivyosimulia wazee kabla yake. Sasa niambie, ndugu msomaji: lau Saada angetetemeka mbele ya walinzi, au angekaa njiani akaupasua ule mkate aone una nini, leo tungekuwa na Liyongo gani wa kumwimba?

Nauliza kwa sababu ya watoto wa chekechea. Kila nchi huwapa watoto wake wadogo orodha ya mashujaa, na mara nyingi orodha hiyo ni ya watu wenye mikuki. Waliobeba mikate hawamo. Nimejaribu kufuatilia jinsi mambo yalivyokwenda huku kwetu, tangu ngano za jikoni hadi madarasa yenye picha ukutani, na nimekuta kwamba suala lenyewe ni zito kuliko nilivyodhani.

Tuanze jikoni, maana huko ndiko chekechea ya kwanza ilikokuwa. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London kitabu cha ngano alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ile ya nunda mla watu. Sultani alikuwa na paka. Paka akaanza kula vifaranga, watu wakaja kushtaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake, basi kuna kesi gani? Paka akahamia kwa mbuzi. Akahamia kwa ng'ombe, na jibu ni lile lile. Mwisho akala watu, wana wa sultani mwenyewe wakiwamo, na hapo hakuwa paka tena, amekuwa nunda. Aliyekwenda kumwua ni mtoto wa mwisho, yule aliyezoea kukaa jikoni na ambaye baba yake hakumthamini. Naye hakumpata mara moja. Anaua mnyama, anamleta kwa mama yake, anauliza kama huyu ndiye nunda. Mama anasema siye. Anatoka tena, analeta mkubwa zaidi, siye. Mtoto wa miaka minne anaipenda hadithi kama hiyo kwa sababu anajua jibu kabla halijatolewa, na bado anataka alisikie.

Humo mna somo la siasa ambalo watu wazima wengi halijawaingia. Wakubwa wakimwacha paka kwa sababu ni wao, watakaoliwa ni watoto. Lakini bibi aliyekuwa akisimulia hakusimama kueleza hayo. Alisimulia, akaamka, akamtuma mtoto chumvi kwa jirani.

Na huko kutumwa ndiko kulikokuwa somo la pili. Mtoto wa Kiswahili alijifunza kusaidia kwa miguu yake: peleka hiki kwa shangazi, kamchukulie bibi ndoo, mwite fulani, mpishe mzee mkeka. Hakuna aliyemwambia kwamba anafundishwa. Mtu yeyote mzima mtaani aliweza kumtuma, na akikataa habari zilifika nyumbani kabla yake. Yako mengi ya kusifu katika desturi hiyo, na wazee wetu wanayasifu kila Idi na kila Krismasi. Ila kuna jambo ndani yake lililonisumbua, nami nitalirudia.

Wakoloni nao walikuja na mashujaa wao, tena wa shaba. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao. Yeye yuko juu, anatazama mbali. Chini yake yuko askari Mwafrika, akimfunika simba mfu kwa bendera. Tafsiri yake mtoto yeyote angeielewa bila mwalimu: shujaa ni yule wa juu, na mwenzetu ni msaidizi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kuiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mahali pale Waingereza wakaweka mwaka 1927 sanamu ya Askari, ambayo ipo hadi leo, bunduki mbele, magari yanaizunguka. Si kitu kidogo kwamba Mwafrika alipandishwa juu ya kiweko. Lakini ni Mwafrika mwenye bunduki.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kutoka pale Askari hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu tu. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichokuwa na kambi sehemu ile wakati wa vita vile. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu ile ile. Afrika Mashariki yote ilipiganiwa kwa vichwa vya wapagazi. Reli ziliishia mahali, farasi na nyumbu wakafa kwa mbung'o, magari yakazama matopeni; kilichobaki ni mtu na mzigo. Ratili 50, ratili 60, kichwani, siku baada ya siku, kupita mito ya Rufiji na Ruvuma, masika na kiangazi, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Novemba 1918. Pande zote mbili zikijumlishwa, watu waliochukuliwa kubeba wanakisiwa kufika milioni moja. Waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu za serikali yao wenyewe, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa kulishwa unga ambao haukupikwa ukaiva na wao walizoea ndizi au mtama. Na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa ndugu zao.

Je, hao ni mashujaa? Ukimwuliza mtu mitaani atakujibu haraka, "Ndiyo, mashujaa wale." Mimi siharakishi. Wapagazi wengi hawakujitolea. Mwaka 1917 ulifanyika msako mkubwa katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, machifu wakapewa idadi ya watu wa kutoa, na Wajerumani upande wao hawakuwa na upole zaidi. Mtu alikamatwa shambani kwake akatundikwa mzigo wa risasi za kuwaulia wengine. Kumwita shujaa bila kusema hayo ni kumkamata mara ya pili. Hata Saada wetu, ukiangalia vizuri, alikuwa mjakazi. Nani alimwuliza kama yuko tayari kuhatarisha shingo yake?

Basi hapo likaja lile jambo la kutumwa. Kuna kusaidia na kuna kutumikishwa, na kwa macho vinafanana: mtu amebeba mzigo wa mwingine. Tofauti iko mahali ambapo mtoto haoni.

Au tuseme ambapo tunadhani haoni. Baada ya kidato cha nne nilipata kusaidia darasa la chekechea mtaani kwetu kwa miezi michache, kama wafanyavyo wengi wanaosubiri mambo yao yanyooke. Siku moja niliwasimulia nunda. Walipotoka nje kuigiza, nusu ya darasa walitaka kuwa nunda, kwa sababu nunda anakimbia na kuuma. Nikafika pale alipouawa akafungwa kwenye miti akapelekwa mjini, mtoto mmoja akauliza, "Alibebwa na nani? Si mzito?" Nikamjibu walikuwako watumwa. "Watumwa ndio nani?" Jaribu wewe kumweleza mtoto wa miaka mitano. Nikasema ni watu waliokuwa wakibebeshwa vitu bila kuulizwa kama wanataka. Akafikiri kidogo, akasema, "Hata mimi siulizwi."

Wenzake walicheka. Mwalimu mkuu wa pale alicheka pia nilipomhadithia, akasema huyo atakuwa wakili. Lakini swali lile ndilo lililonipeleka maktaba.

Turudi kwenye historia. Neno la Kijerumani kindergarten, maana yake bustani ya watoto, lilibuniwa na Friedrich Fröbel mwaka 1840. Ajabu ni kwamba wenzake waliokuja kututawala hawakuja na bustani hiyo mfukoni. Huku kwetu madarasa ya watoto wadogo wa Kiafrika yalianza kuenea hasa baada ya uhuru, na waliohangaika nayo zaidi walikuwa akina mama. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, uliundwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, na vituo vya kulelea watoto vikawa moja ya kazi zake. Sababu ilikuwa ya shamba na kiwanda: mama akienda kulima au kazini, mdogo atabaki na nani? Kenya nako vijiji vilijijengea nazari zao kwa harambee, mwalimu analipwa kwa michango, mara nyingine kwa mahindi.

Kisha ikaja 1967, Azimio la Arusha mwezi Februari na Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi. Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba elimu ya mkoloni ilimfundisha mtu kujipenda na kujitafutia badala ya kushirikiana. Andiko lile lilihusu zaidi shule za msingi na sekondari, lakini pepo zake zilifika hadi chini kabisa. Mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu aliimba ujamaa na taifa. Aliwajua Mkwawa na Kinjekitile kabla hajajua kuandika jina lake. Alishika kijembe cha kuchezea akapalilia kitalu cha mchicha. Wapo wanaocheka siku hizi, wakasema ulikuwa ni ukasuku mtupu. Mimi sicheki. Mchicha ule uliliwa.

Tatizo liko pengine. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na siyo wote waliokwenda kwa hiari. Wako waliopakiwa kwenye malori na nyumba zao kuchomwa nyuma yao. Fikiri darasa la chekechea katika kijiji kipya kama hicho. Mwalimu anaimbisha kwamba tusaidiane, tuishi pamoja. Mtoto anaimba kwa sauti ya juu. Baba yake yuko nje ya dirisha, ameuacha mkorosho wake maili kumi huko. Wimbo ni mzuri na maneno yake ni ya kweli, lakini anayeusikia kutoka nje anausikia kwa sikio jingine. Hapo tena kusaidia na kutumikishwa vimevaa shati moja.

Na orodha ya mashujaa nayo ikawa inapanguliwa kutoka ofisini. Bibi Titi huyo huyo, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kuingia TANU mwaka 1955 na aliyewaingiza wanawake kwa maelfu katika chama, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akasamehewa mwaka 1972. Miaka mingi baadaye jina lake halikusikika sana katika nyimbo za watoto. Alifariki Novemba 2000, na leo ana barabara kubwa mjini Dar es Salaam. Watoto wanaopita barabara hiyo kwa daladala wanajua kuna foleni. Wachache wanajua kwamba aliyeiachia jina aliwashawishi bibi zao.

Kwa upande wa mikuki sina ugomvi nayo. Mkwawa alilivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akaendelea kupigana karibu miaka minne zaidi baada ya kupoteza ngome yake ya Kalenga, na alipoona hakuna njia alijiua mwaka 1898 asishikwe. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Mtoto wa Kihehe, wa Kimakonde, wa Kizaramo, wote wana haki ya kujua hayo. Ninachobisha ni kumpa mtoto wa miaka minne habari za kukatwa vichwa na kumwambia, "Uwe kama yeye." Uwe kama yeye vipi? Anaondoka pale kampiga mwenzake kwa rula, naye kwa akili yake amefanya ushujaa. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, ni jambo la kulia zaidi ya kushangilia, na Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969 alimfanya shujaa wake mtu mwenye mashaka, anayeogopa neno lake mwenyewe. Hiyo ni ya wakubwa. Lakini mwalimu aliyeisoma atawasimulia wadogo kwa namna nyingine.

Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka vituo vingi vya vijijini vilikufa. Uji ukaisha, mwalimu akaacha. Mijini zikaja nazari za kulipia, na leo mtoto anahitimu chekechea akiwa na joho na kofia ya pembe nne kama profesa. (Nimeona mmoja analia kwa joto ndani ya joho hilo, picha yake imetundikwa sebuleni.) Mwaka 1995 Sera ya Elimu na Mafunzo iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya mfumo, na sera ya 2014 ikaifanya ya lazima kwa mwaka mmoja. Mombasa, katika hiyo hiyo miaka ya 1980, jambo jingine lilianza lililonivutia zaidi: wazazi wa Kiislamu wa pwani, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, walianzisha shule za awali ndani ya madrasa, wakawafundisha akina mama wa mitaa hiyo kuwa walimu, na vifaa vikawa vifuu, mbegu, makumbi na visoda. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Nimeutaja kwa sababu mwalimu ni mama wa jirani, yule yule ambaye zamani angemtuma mtoto chumvi. Sasa anamkalisha, anampa vifuu, anamwuliza.

Kenya ilifanya kitu ambacho ningependa sisi wote tukitazame. Tangu uhuru tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, shujaa mmoja. Katiba ya 2010 ikaigeuza kuwa Siku ya Mashujaa. Herufi chache tu za wingi, lakini chekechea nzima imebadilika, maana sasa mwalimu anaweza kumwingiza mkunga, dereva wa gari la wagonjwa, au Wangari Maathai na miche yake aliyoanza kuipanda na akina mama mwaka 1977. Maathai mwenyewe alipenda kusimulia juu ya kandege kadogo kanakobeba tone la maji kwa mdomo kuuzima moto wa msitu, wanyama wakubwa wakiwa wamesimama tu. Wataalamu wa ndege watasema ndege yule hapatikani Afrika, wa karibu naye kwa sura ni chozi wetu. Sawa, mwiteni chozi. Watoto wanachokishika ni lile tone. Halafu hakuna aliyemtuma chozi. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta maktaba, nikaikuta kwenye hadithi ya watoto.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43; walikufa 19. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja kati yao akapata sifa nchi nzima, akapewa zawadi na kazi katika Jeshi la Zimamoto. Magazeti yalimwandika yeye, ndivyo magazeti yalivyo. Lakini mtumbwi haupigwi kasia na mtu mmoja mitumbwi mingi kwa mara moja. Walikuwako wengine majini asubuhi ile, na waliokuwa ufukweni wakivuta kamba. Nikipewa darasa tena, ningewasimulia hiyo. Ningewaachia wacheze, nione nani atachagua kuwa ndege, nani atakuwa kamba.

Sanamu ya ukumbusho ya vita iliyoko Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya kwetu ina askari peke yake, ingawa maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Kwa hiyo mwalimu wa Dar es Salaam anayetaka kumwonyesha mtoto sanamu ya mtu aliyebeba itabidi apande basi hadi Kenya. Au awashike mkono asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, awapeleke Kariakoo, wasimame pembeni wasigongwe na mikokoteni, awaonyeshe mchukuzi mwenye gunia mgongoni, na wakimwuliza nani kamtuma, awaruhusu wamwulize mwenyewe.